Mnada wa Blanketi kwa Mutanu

Mimi sipendi kusimuliwa mambo ya watu. Napenda kujionea mwenyewe. Ndiyo maana mwaka huo macho yangu hayakubanduka kwenye boma la jirani yangu Mutanu, mama yake Kanini, hapa Kilungu.

Shida yake kila mtu aliijua. Mumewe, Nzau, alimdhamini rafiki yake anunue pikipiki. Rafiki akatoroka na pikipiki, deni likabaki kwa Nzau, naye akaweka rehani shamba lao la karibu na mto kwa Musyimi mwenye duka. Makubaliano yalifanywa mbele ya wazee: Musyimi alilime mpaka alipwe, na mvua ya Novemba ikinyesha kabla ya deni kwisha, shamba liwe lake kabisa.

Nilichotaka kujua ni kimoja tu. Mutanu, asiye na mshahara wala ndugu wa Nairobi, angelipa na nini?

Basi nikachunguza. Maziwa ya ng'ombe wao yote yalienda kuuzwa hotelini, kule barabarani. Mahindi na maharagwe walichemsha mara moja wakala siku mbili, ili kuni zisiishe. Sukari hawakununua hata kijiko. Mche wa sabuni Mutanu aliukata kwa uzi, vipande vyembamba, kila kipande na siku yake, na bado watoto wake walienda shuleni safi kuliko wangu. Hilo liliniudhi sana.

Oktoba ikafika zamu yake ya kutembelewa na kina mama wa kanisa. Sisi hapa huchanga pesa, tukamnunulia mwenye nyumba zawadi, tukaenda kwake tukiimba. Mwenye nyumba naye hutupikia wali, chapati na kuku mpaka tufungashe. Wengine hukopa ili watulishe, na chakula hicho hushinda zawadi kwa bei mara nyingi, ila hakuna anayethubutu kulisema. Nikamwambia mume wangu, "Huyu safari hii atakopa. Ataenda wapi?"

Siku yenyewe mawingu yalikuwa mazito juu ya vilima. Tuliketi uani kwake tukinusa, lakini harufu ya kuku haikuja. Mutanu akaleta viazi vitamu vya kuchemsha, mapapai ya shambani, na uji wa wimbi usio na sukari.

Kaveke, mwenyekiti wetu, alichungulia kikombe chake. "Mama Kanini, chakula iko wapi?"

"Ndio hii, mwaitu," Mutanu akamjibu kwa heshima. "Hii ndio sisi hukula."

"Na chai?"

"Chai tuliacha."

Kaveke alitoa zawadi upesi upesi, kama mtu anayetaka kwenda zake: blanketi kubwa la maua, zito hasa. Mutanu akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha badala ya kuketi akalikunjua na kuliinua juu, jinsi tunavyoinua kuku na mikungu ya ndizi kanisani siku ya mavuno, sadaka zinapopigwa mnada.

"Nani atanunua?" Sauti ilimtetemeka. "Mkitaka kukasirika, kasirikeni. Lakini blanketi tuko nayo ndani. Shamba ndio hatuna. Deni imebaki kidogo, na mvua ndio hiyo inakuja."

Uji ulinipalia. Kuuza zawadi ya kanisa mbele ya walioileta! Sote tukamgeukia Kaveke. Akaweka kikombe chini, akasimama.

"Mnada haifanywi hivyo," akasema. "Hiyo sauti yako itauza nini? Lete hapa."

Akampokonya blanketi, akalitupa begani, akaanza. "Elfu moja ya kwanza! Muthoki, wewe na hayo macho yako yote, mdomo huna?"

Kusikia jina langu, nikapandisha. Mwingine akanipita. Na kama ilivyo desturi ya mavuno, aliyenunua alilipa, akarudisha kitu kiuzwe tena, na tena, mpaka leso zote zikafunguliwa fundo. Mwisho Kaveke mwenyewe ndiye aliyelinunua, akaondoka amejifunika nalo. Jioni ile wazee waliitwa, na Musyimi akalipwa deni lote. Mimi nililia njia nzima kurudi nyumbani, na sijui nililia nini.

Mvua iliponyesha nilishuka mtoni asubuhi na mapema. Nani angenizuia? Mutanu alikuwa ameinama shambani akipanda, tope limemfika magotini. Nzau alisimama nje, juu ya tuta la mpaka, jembe begani, amejiinamia. Hakuthubutu kukanyaga.

Mutanu akapanda mstari mzima hadi mwisho. Alipogeuka akamwona bado amesimama pale pale.

"Nzau, unangoja nani akuite?" akasema. "Ingia."

Nzau akavua viatu, akaingia.