Utepe wa Jasi Chini ya Kuba

Bi Tuba angeweza kumshuku hata jogoo kwa kuwika mapema. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa akifagia msikiti wa mtaa wao kule Kashan, yeye na mumewe Safdar wakiishi bure katika chumba cha uani, na hakikumpita kitu: nani katoka na viatu visivyo vyake, nani katia mfukoni sukari ya chai ya hitima. Basi vipande vya vigae vya buluu vilipoanza kuonekana juu ya zulia, mwizi alishamjua.

"Ni wewe, fundi," alimwambia Yadollah, aliyeletwa kukarabati maua ya vigae kando ya mihrabu. "Unavibandua ili kazi isiishe."

"Kimoja tu kukichonga kinanitoa jasho siku nzima, Bi Tuba. Nina wazimu?"

"Wazimu huna. Ujanja unao."

Yadollah alicheka, akaelekeza patasi ukutani. Ufa ulianzia kwenye kuba, ukapasua maandishi meupe, ukashuka hadi usawa wa mtu. Hapo mhandisi alikuwa amepaka utepe wa jasi, plasta nyeupe, kuukatiza. Kuta zikisogea hata kidogo, utepe hukatika. Ukikatika, msikiti unafungwa, na chumba cha uani pamoja nao.

"Utepe mzima kabisa," alisema fundi. "Ndiyo maana hata mimi sielewi."

Tuba alielewa vizuri sana, akazidi kumvizia. Kila alfajiri alifukiza mbegu za ispandi kufukuza kijicho, akitua chetezo pale pale chini ya ufa, jicho moja likiwa kwenye mfuko wa vifaa vya fundi.

Ijumaa moja, akipuliza makaa, aliinua uso. Ukuta wote pale ulikuwa umekuwa mweusi kwa moshi wa tangu kipupwe. Utepe ulikuwa mweupe. Aliugusa, ukamlowesha kidole.

Alimkuta Safdar chumbani anamega mkate, jasi imemjaa kwenye kucha.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya, tangu Nowruz. Unakatika, napaka mwingine." Hakumtazama. "Wakifunga, tutalala wapi, Tuba? Na uzee huu?"

Tuba aliziangalia zile kucha. Alikuwa amepekua mifuko ya mtaa mzima, asitazame mikono anayokula nayo sahani moja.

Adhuhuri watu walimiminika msikitini. Tuba alipita katikati yao na ufagio, akaukwangua ule utepe kwa mpini mpaka ukadondoka wote. Ufa ulibaki wazi, kidole kingeingia.

"Tokeni nje. Kuba linasogea."

"Haya, Bi Tuba," mmoja alimtania, "leo umemkamata nani?"

"Mume wangu," alisema. "Tokeni."

Aliposhika njia ya uani, wa mwisho alikuwa anavaa viatu. Tuba hakuangalia kama ni vyake. Aliingia chumbani, akaanza kukunja matandiko.