Bukavu: indiketa ya kushoto ya lori ilivyotaka kunimaliza mimi na mama mkwe njia ya Kavumu

Wakuu, habari za kwenu, mlio nyumbani na mlio ugenini.

Kila mara naona nyuzi za watu wanaotaka kuvuka na gari zao kwenda Congo. Wanauliza vibali, wanauliza mafuta, wanauliza lami imefika wapi. Sijaona hata mmoja anayeuliza indiketa.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Siongezi wala sipunguzi, na mke wangu ameusoma huu uzi kabla sijaupandisha.

Hali ya usalama sitaigusa. Wenye mji wanaijua kuliko mimi. Mimi nazungumzia barabara tu.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa Mwanza, mke wangu ni Mshi, kabila la huko Bukavu. Tulikutana kwenye biashara ya vitenge, tukaoana, tukaishi Mwanza. Mimba ya kwanza ilipokaribia akataka kujifungulia kwa mama yake. Nikamsafirisha kwa basi, mimi nikabaki kufunga mambo ya duka, kisha nikafuata na gari kupitia Rwanda.

Rwanda wanaendesha kulia, kwa hiyo nilipofika mpaka wa Ruzizi nilijiona nimeshazoea. Lakini barabara ya Rwanda ina mistari, ina alama, kila mtu yuko kwenye nafasi yake. Ukishavuka daraja mambo yanabadilika.

Bukavu ni mji wa vilima vilivyoingia ziwani. Barabara inapanda, inashuka, inapinda, halafu inapinda tena kabla hujanyoosha usukani. Pikipiki zinapita kushoto kwako na kulia kwako kwa wakati mmoja. Kwenye mzunguko, mimi nilikuwa nasubiri nafasi kama tulivyofundishwa. Nilisubiri sana. Nyuma walipiga honi mpaka mama mmoja muuza ndizi akanionea huruma, akanifanyia ishara ya mkono: ingia tu.

Nikaingia. Wote wakanipisha. Sijaelewa mpaka leo.

Mama mkwe anakaa Kasha, huko juu Bagira. Mvua ikinyesha ile njia inakuwa utelezi mtupu, unashuka gia ya kwanza huku umeshika roho mkononi.

Sasa huyu mama. Nitamwita Maman Faida, si jina lake. Ni mjane, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, maneno machache. Hakuwahi kunitukana wala kuninyima chakula. Ila alikuwa ananiita "Monsieur". Mkwe wake wa ndoa, Monsieur, kama mgeni wa ofisini. Akitaka kuniambia jambo anamwambia binti yake, binti ananiambia mimi, na mimi nimekaa pale pale mezani nasikia.

Mke wangu aliniambia sababu. Mama alitaka mkwe wa karibu, mtu anayeweza kuja Jumapili. Mimi nilimpeleka binti yake wa pekee nchi nyingine.

Nilimwelewa.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, kwenye hospitali moja ya mjini. Mama yake ndiye hakuwa salama. Alitokwa na damu nyingi, na daktari akatuita koridoni akasema anahitaji damu, na kundi lake ni la nadra, O hasi. Waliyokuwa nayo imeshaingia yote. Familia itafute mtu.

Mimi ni B. Mama mkwe ana presha, wakamkatalia.

Aliyebaki ni kaka wa mke wangu, Espoir. Yeye ni O hasi, aliwahi kutoa damu miaka ya nyuma kwa shangazi yao. Lakini Espoir alikuwa Kavumu, nje ya mji, analima. Tulipiga simu yake, haipatikani. Tukapiga ya jirani yake, inaita haipokelewi.

Maman Faida akafunga kitenge chake vizuri. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Monsieur, iko na mafuta mu gari?"

"Yapo, mama."

"Basi tuende. Niko najua fasi analimaka." Fasi kwao ni mahali.

Nilimfungulia mlango wa nyuma. Wasukuma wenzangu mnaelewa, kukaa bega kwa bega na mama mkwe kwenye kiti cha mbele si jambo la kwetu. Naye hakushangaa, aliingia nyuma, upande wa kushoto, akatoa rozari.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa lilikuwa na heshima.

Kwa wasiojua: gari yangu ina usukani kulia kama za kwetu zote. Bukavu pia zimejaa hizo hizo. Lakini ukiendesha upande wa kulia wa barabara na usukani uko kulia, wewe dereva uko ukingoni, upande wa mtaro. Mbele yako kukiwa na lori, huoni kitu. Ili uone kama kuna gari inakuja, inabidi utoe nusu ya gari nje kwanza. Ndiyo maana wenyeji daima wanamweka mtu kiti cha mbele kushoto. Yule si abiria tu.

Mimi kiti hicho kilikuwa na jaketi langu.

Tukatoka mjini, mvua nyembamba inanyesha. Nilikuwa naendesha vizuri tu, ila kichwani nilikuwa namwona daktari yule. Karibu na Miti, mji mdogo wa njiani, tukakuta lori la saruji linapanda taratibu, linatumwagia matope kwenye kioo. Nikakaa nyuma yake. Dakika zikawa zinaenda. Kila nikichungulia naona ubavu wa lori tu.

Kisha dereva wa lori akawasha indiketa ya kushoto.

Wakuu, wote mnaosafiri barabara zetu mnajua. Lori likikuwashia kushoto, dereva anakwambia njia nyeupe, pita. Likiwasha kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Nimeendesha Mwanza-Dar miaka mingi kwa lugha hiyo na haijawahi kunidanganya.

Nikashukuru moyoni, nikapiga gia, nikatoka kushoto.

Basi dogo lilikuwa linashuka kilima, limewasha taa, linakuja moja kwa moja kwetu.

Sikuliona mimi kwanza. Aliliona Maman Faida kutoka kiti cha nyuma. Nilisikia sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Rudia! Rudia ku droite! Weye! Rudia!"

Nikakanyaga breki na kukata kulia kwa pamoja. Gari iliteleza, ikaukosa mkia wa lori, ikavuka ukingo na kuingia mtaroni kwa tairi za upande mmoja. Basi likapita. Kioo changu cha pembeni, cha kushoto, kiliondoka nalo.

Wiper tu zinafanya kazi.

Nikageuka nyuma. "Mama, umeumia?"

Alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono miwili. Rozari iko sakafuni. "Hapana," akasema. "Weye?"

"Hapana."

Lori lilisimama mbele. Dereva wake akashuka, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, akaja anatembea haraka. Nilijua anakuja kunipiga. Watu wa Miti nao wakaanza kutoka kwenye vibanda vya sokoni.

"Papa, ulitaka kufa?" akaniuliza. "Niko nakuonyesha gauche, na weye unapita! Juu ya nini?"

"Si uliwasha kushoto? Kushoto si ni pita?"

Akanitazama kama mgonjwa. "Gauche ni pita? Gauche njo kusema usipite! Gari iko nakuya! Batu bote banajua!"

"Kwetu kushoto ndiyo pita."

"Kwenu wapi?"

"Tanzania."

Nilimwona anageuza barabara kichwani mwake, analipeleka lori lake upande wa pili, anawasha taa. Kisha hasira ikamtoka. "Ah," akasema. "Ku Tanzania munatembeza ku gauche. Basi yote inageuka." Akatikisa kichwa. "Mungu iko, papa."

Ndiyo hesabu yenyewe. Indiketa inaelekea katikati ya barabara: kaa. Inaelekea ukingoni: pita. Ukihama upande, maana inahama nawe. Ni jambo jepesi kabisa ukikaa sebuleni.

Maman Faida akashuka na kuwaambia wale watu kwa Kishi. Sijui alisema nini hasa, nilisikia tu neno hospitali. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Wanaume wakaingia mtaroni na viatu vyao, akina mama wakaweka vikapu chini wakashika boneti, dereva wa lori akahesabu, "Moya, mbili!" na gari ikapanda barabarani.

Usukani sikuutaka tena. Nilisimama nimeegemea mlango nikafikiri kutafuta pikipiki impeleke mama, mimi nibaki. Nilimwambia hivyo.

Alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele kushoto, akatoa jaketi langu, akalitupa nyuma, akakaa.

"Ingia," akasema. "Hapa niko naona barabara yote. Nikisema pita, utapita. Nikisema bado, utangoja. Binti yangu iko analala kule."

Nikaingia.

Lori lile lile lilikuwa mbele yetu. Likawasha kushoto tena. Mkono wangu ulitaka kwenda kwenye gia, kwa mazoea tu.

"Bado," akasema.

Gari mbili zikapita.

Lori likawasha kulia. Akajivuta mbele, akachungulia mpaka paji la uso likagusa kioo. "Pita. Sasa. Enda!"

Nikapita, na njia ilikuwa nyeupe mpaka juu. Dereva wa lori akapiga honi. Nikawa tayari kununa, mama akasema, "Naye mupigie."

"Mama, kwetu kumpigia mtu honi ni kama kumtukana."

"Hapa ni bonjour."

Nikapiga.

Espoir tulimkuta shambani anang'oa maharage, simu yake imeachwa nyumbani kwenye chaji. Mama yake alimwita kwa jina tu, kutoka barabarani. Aliona uso wake, akaacha maharage, akaja mbio na matope yake. Alipofika akaenda moja kwa moja mlango wa mbele, kwa maana yeye ni mwanaume na ana miguu mirefu.

"Enda nyuma," mama akamwambia.

"Mama, kaa muzuri kule nyuma, mimi nitamu-guider."

"Espoir. Nyuma."

Tukarudi hivyo. Pita, bado, bado, pita. Mjini akanifundisha na mengine: mtu akinyoosha kidole pembeni ya barabara anaonyesha anakokwenda, anatafuta taksi, usimsimamie. Pikipiki usizifuate kwa macho, ziache zikukwepe zenyewe. Kwenye mzunguko usiombe ruhusa. "Ukiomba, utalala pale," alisema. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa siku moja, na yote alikuwa ananiambia mimi.

Espoir akatoa damu. Tukakaa benchi moja nje ya wodi, mimi na Maman Faida. Akaniuliza kama mama yangu bado yupo. Nikamwambia alifariki nikiwa sekondari. Akasema, "Ah, pole." Baadaye kidogo alikata mkate wake, akanipa kipande kikubwa.

Nesi akatoka akasema presha ya mgonjwa imerudi sawa, anaongea, anaomba uji. Mama mkwe akafunika uso na kitenge. Mimi nilitazama ukuta.

Siku chache baadaye mke wangu, akiwa ameketi kitandani ananyonyesha, aliniambia mama yake alichomwambia kuhusu mimi. Alisema: "Bwana yako hajue barabara. Lakini akiambiwa, anasikia."

Mke wangu anasema mama hajawahi kumsifia mwanaume mwingine yeyote kwa kiasi hicho, hata marehemu baba.

Basi wakuu, funzo langu ni hili. Ukienda mahali wanapoendesha upande mwingine, usihamishe gari tu, hamisha na maana ya kila taa. Kama huna uhakika, baki nyuma ya lori ule matope, hakuna aliyekufa kwa matope. Na kile kiti cha mbele kushoto mweke mtu anayejua njia, hata kama ni mkweo na mila zinakukataza. Mila zitakusamehe, basi linaloshuka kilima halikusamehi.

Madereva wa njia ya Congo, Rwanda na Burundi, tupieni na yenu hapa chini. Hasa nataka kujua: Burundi nako malori yanasema hivyo hivyo? Mwezi wa kumi nampeleka mtoto akamwone bibi yake, na safari hii nafikiria kupitia Bujumbura.