Mahindi Kwenye Uwanja wa Mpira wa Kikapu

Namshukuru Mungu aliyenipa mvi, na pamoja nazo akanipa kumbukumbu ya makosa yangu, ili nisiwe mwepesi wa kuwahukumu ninyi mnaokua.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Kitale na kocha wa mpira wa kikapu wa vijana wa kanisa letu. Vijana wa Bungoma walikuwa wanakuja kucheza nasi. Ilikuwa Novemba, na unajua kwetu sakafu ya saruji haikai bure wakati wa mavuno. Nilikuta mahindi yameanikwa uwanjani kutoka kikapu hadi kikapu. Yalikuwa ya Kukhu Nekesa, nyanya mjane aliyeishi jirani na kanisa, chakula chake cha mwaka mzima.

Sikumtafuta. Niliwaambia vijana washike mafagio, tukayasukuma yote kwenye nyasi. Kukhu akaja mbio na turubai mkononi.

"Mwalimu, si ungeniita tu? Hapo yatalowa."

"Kukhu, huu ni uwanja wa mpira, bana."

Vijana wakacheka, nami nikajiona nimesema neno.

Robo ya pili haikuisha. Mvua ilishuka kutoka Mlima Elgon, sote tukakimbilia barazani. Kukhu alibaki amepiga magoti, akiyazoa kwa viganja. Nahodha wa Bungoma, mgeni, ndiye aliyetoka kwanza kumsaidia. Sisi wenyeji tulifuata kwa aibu. Tuliokoa labda nusu.

Mzee Wafula, katekista wetu, aliniita kando. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, ati huu mchezo ulianzaje?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba mwalimu mmoja huko Marekani alitafuta mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi kali. Alitaka masanduku mawili. Mtunza jengo hakuwa nayo, akampa vikapu vya matunda, vikapigiliwa juu kwenye ukingo wa roshani. Tena hakutaka watu waumizane. Kwa hiyo hukimbii na mpira umeukumbatia: siku hizi unaudunda au unampa mwenzako. Humshiki mtu, humsukumi.

"Hivyo vikapu alivinyang'anya?"

"Hapana, Mzee. Aliomba."

"Na ukimsukuma mtu?"

"Ni faulo."

Aliyatazama mahindi yaliyokanyagwa matopeni. Kisha akasema, "Basi nenda kwa Kukhu, kijana wangu. Nitakungoja."

Nilikwenda, nikamwomba msamaha. Kukhu alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kiti karibu na moto, akasema, "Kunywa chai, umelowa." Mwanangu, wema ule uliniuma kuliko matusi. Niliyabeba yale yaliyolowa nikayaanika kwangu wiki nzima, na yaliyooza nikayafidia kutoka shamba langu lililo kule Kwanza, nje ya mji.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata kitu unachokidhani ni haki yako, kiombe kwa adabu kama kuna mtu amekitandazia riziki yake. Ukikosea, usingoje kuitwa. Nenda mwenyewe, mapema, na mikono iliyo tayari kufanya kazi. Na sheria unazowafundisha wengine, zikutangulie wewe kwanza.

Mungu akupe jirani mwenye moyo kama wa Kukhu, akufanye wewe pia jirani wa namna hiyo, na chakula cha nyumba yako kikauke salama kabla ya mvua. Amina.