Kiwiko cha Mshonaji wa Kimironko

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja hapa Kigali, sikukabidhiwa mgonjwa. Shefu, mkuu wa kitengo chetu cha mazoezi ya viungo, alinishika mkono, akaukunja kwenye kiwiko, akaukunjua, akanigeuza kiganja juu na chini.

"Unaona? Mifupa tatu tu, na kazi yote hii. Kama haikushangaze, tafuta kazi ingine."

Ilinishangaza. Nimestaafu, na bado inanishangaza.

Nilijifunza kwamba maumivu ya upande wa nje wa kiwiko mara nyingi hutoka kwenye kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zikichoshwa na kazi kama kukamua nguo. Hizo hutulia kwa kupumzishwa na kwa mazoezi, ingawa huchukua miezi. Lakini kiwiko kilichovimba, chekundu, cha moto, na mwenyewe ana homa, hakingoji. Aliyeanguka akashindwa kukunjua mkono naye aje siku hiyohiyo.

Kisha akaja Zaina, mshonaji wa soko la Kimironko, kiwiko kikimuuma upande wa ndani.

"Muganga, hii kidole ndogo na jirani yake iko inalala. Nikishika uzi siusikie. Nisiposhona, watoto watakula nini?"

"Acha kiwiko kwanza," Shefu akaniambia. "Angalia nguvu ya vidole."

Vilikuwa vimeanza kulegea. Nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko, chini ya ngozi tu, hupita mshipa wa fahamu, ule ukigongwa mkono wote unashtuka. Zaina alikuwa akiukandamiza kutwa kwenye ukingo wa meza ya cherehani, na usiku akilala ameukunja mkono.

"Umefanya vizuri kuja," Shefu akamwambia. "Ungengoja, ingebaki kisu cha operesheni, na kisu hairudishe kila kitu."

Tukamfundisha kuweka kitambaa kinene mezani, kulala mkono umenyooka, na mazoezi. Niliogopa kuliko yeye. Siku aliposhika uzi mbele yetu akasema, "Nausikia!", nililia, wala sioni haya. Mshipa mwembamba namna ile, na nyumba nzima inakula kwa huo.

Siku hizi mimi hupita kwake kupiga soga. Juzi niliegemea meza yake nikisimulia mambo ya Shefu, akanigonga mkono kwa rula yake ya mbao.

"Muganga, oya! Toa kiwiko kwa meza!"

Nikakitoa haraka. Akacheka, akarudi kutunga uzi kwenye sindano, na mimi nikavitazama vile vidole viwili.