Shahidi Aliyeanguka Nyuma ya Benchi

Majirani walimwita Fundi Upepo, na wala hawakuwa wakimsifu. Mchana alikuwa seremala kama maseremala wengine: madawati, vitanda, milango inayogoma kufunga. Jioni, wenzake wakienda kupiga soga, yeye alijifungia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba akijenga ndege. Ndege ya kweli, jamani, si ya kuchezea! Ndege ya mbao isiyo na injini, ile inayoitwa glaida, inayovutwa kwa kamba mpaka ipande, kisha huachiwa ielee.

"Haina injini?" watu walimuuliza. "Sasa itakwendaje?"

"Kwani mwewe ana injini?" aliwajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Ugonjwa huo aliupata ujanani, kwenye ukurasa wa gazeti kuukuu aliofungiwa misumari dukani. Ulikuwa na picha za Wajerumani walioshindwa vita, wakabanwa wasijenge ndege za injini wapendavyo, wakapanda vilimani na mbao zao na gundi yao. Tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Aliwasaka wachoraji wa glaida wa Poland, wa Hungaria, wa Uingereza, akawataja wakati wa kula kama mtu anayetaja wajomba zake. Kisha akachora ya kwake.

Mkewe alikuwa na jina lake kwa ile ndege. "Mke mwenzangu kaamkaje?" alimuuliza kila asubuhi, akimmiminia chai. "Maana naona umenukia gundi yake mpaka masikioni." Watoto walicheka, fundi akacheka, lakini mama yule hakuwa akitania moja kwa moja. Ujana wake wote alikuwa amelala na nusu ya mume.

Macho ya fundi yakaingia ukungu kabla ndege haijakwisha, daktari akamwambia kurusha asahau. Alilia siku hiyo. Kilichomnyanyua ni binti yake wa mwisho, ambaye alikuwa ameanza kujifunza kwenye chama cha warushaji, kule kwenye uwanja wa zamani, na mwalimu wake alisema huyu mtoto kazaliwa huko juu. "Utairusha wewe," fundi alimwambia. Basi maisha yake yote yakabaki yananing'inia hapo: siku moja asimame kwenye majani, hata kama haoni vizuri, amsikie mwanawe akipita juu kwenye kazi ya mikono yake.

Sasa, kazi ya mbao na gundi ina jambo lake. Bawa likishafunikwa plaiwudi, boriti iliyo ndani huioni tena mpaka kiama. Utajuaje kama gundi imeshika? Ndiyo maana kila fundi anapochanganya gundi, huunganisha pia vibao viwili vidogo kwa gundi ileile. Vikishashikana huwa kibao kimoja, kinachoitwa shahidi. Siku ya ukaguzi huvunjwa. Ukipasuka ubao wenyewe, gundi ni nzima. Vikiachana pale kwenye gundi, bawa zima limekufa.

Fundi Upepo aliwapenda mashahidi wake kupita kiasi. Aliona banda linavuja masika na kuchemka kiangazi, akahofia mchwa, akawahamishia chumbani, kwenye kabati la nguo, katikati ya mashuka. Aliona amefanya la maana sana.

Mkaguzi wa chama akaja. Akagonga bawa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaomba mashahidi. Akamvunja wa kwanza: ubao ukapasuka. Wa pili, vilevile. Wa tatu alimtoa jasho kabla ubao haujapasuka.

"Mzee, hawa wameishi hapahapa na bawa?"

"Wameishi kwangu hapa tangu walipozaliwa," fundi alijibu, moyo umemjaa, wala hakujua amesema nini.

"Basi Jumapili iruke. Hongera sana, mzee wangu."

Binti alipiga vigelegele, akamkumbatia baba yake mpaka miwani ikaanguka.

Alipoondoka mkaguzi, fundi alitaka banda lipendeze kabla ndege haijatolewa. Akasogeza benchi afagie. Nyuma yake, kwenye vumbi na utando wa buibui, kulikuwa na kibao. Akakisogeza karibu na jicho. Shahidi wa boriti kuu, mwandiko wake mwenyewe, aliyeanguka zamani akasahaulika. Akakishika kwa mikono miwili, na hakikuhitaji hata nguvu. Kiliachana katikati ya gundi kikavu, kila upande laini, bila unyuzi hata mmoja wa mbao.

Ndipo alipoelewa. Wale wa kabatini walikuwa wamelala na mashuka, pakavu. Huyu alikuwa amelala na bawa, kwenye mvua na joto lilelile.

"Kimoja tu, baba!" binti alisema alipoonyeshwa, sauti imeshapanda. "Kimoja! Na mkaguzi kakubali."

"Mkaguzi nimempotosha mimi. Sikujua, mwanangu, lakini nimempotosha."

"Nitaruka chinichini tu."

"Bawa likikatika, hata chinichini unakufa."

"Basi tufungue tutengeneze!"

Fundi alinyoosha mikono yake mbele ya binti. Ilijaa makovu mapya, ya patasi aliyokuwa haioni vizuri. Kufungua boriti ni kubomoa bawa lote, na bawa lile lilikula miaka ambayo macho yalikuwa bado yanaona. Binti akaitazama mikono hiyo kisha akatazama pembeni.

"Wewe umechoka, mimi sijachoka," alisema. "Siku utakayotoka tu hapa nyumbani, mimi nitaikokota uwanjani. Haki ya nani tena!"

Fundi alimjua mwanawe. Alimlea mwenyewe, na ukaidi ule ulikuwa wake. Akauchukua msumeno ukutani.

"Baba, usithubutu!"

Alikata penye shina la bawa. Binti alimvuta shati, akamwita majina ambayo mtoto hamwiti mzazi, fundi akaendelea kukata. Boriti ilipojitokeza, akachomeka ncha ya patasi kwenye mstari wa gundi. Tabaka likabanduka kama ganda la kitunguu. Binti aliona. Alitoka, na lango la nje likabamizwa.

Fundi alikaa juu ya kigogo. Aliwaza wale Wajerumani wa kwenye picha za gazeti, ambao hata mmoja wao hatajua kwamba hapa palikuwa na mwenzao. Hakuna ndege nyingine itakayojengwa. Aliona wazi kwamba kilichobaki sasa ni madawati tu, mpaka mwisho.

Mkewe aliingia na unga bado mikononi. Fundi aliinamisha kichwa akingoja mzaha wake, maana kama kuna siku alistahili kuchekwa ilikuwa hiyo. Mama alilizunguka bawa polepole, akalipapasa plaiwudi, sehemu ambayo mumewe aliipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu. Akatoka, akarudi na shuka jeupe la kabatini, lile lililowafunika mashahidi. Akalitandaza juu ya bawa mpaka ncha, akaweka sawa pembe zake.

"Mke mwenzangu," alisema, na hapo akaangua kilio.