Mwenye Sauti ya Jumanne

Katika chuo kile, mwanamke aliyesikika kuliko wote hakujulikana na yeyote. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne kamili asubuhi, sauti yake ilishuka kutoka kwenye spika za majengo yote, laini, ya kijana: "Hili ni jaribio la tahadhari. Hakuna hatari. Endeleeni na shughuli zenu." Wanafunzi walishaifanyia desturi yao. Mwalimu ananyamaza, chaki mkononi, na darasa zima linaitikia kwa pamoja, "Asante, mama!" Kisha somo linaendelea.

Mwenye sauti aliketi chumba cha ulinzi, mbele ya skrini kumi na mbili, na wenzake walimwita Bi Kimya. Tangazo lile, pamoja na lile la dharura, alilirekodi miaka kumi na tisa nyuma, wiki ya tatu tangu aajiriwe. Baadaye akaugua koo, akapasuliwa, na sauti aliyobakiwa nayo ilikwaruza kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni. Siku moja aliagiza chai kantini, vijana wa meza ya jirani wakamwigiza na kucheka. Tangu hapo akawa mtu wa kutikisa kichwa na kuandika vikaratasi. Mumewe, fundi saa asiyeisha mizaha, alimwambia, "Mke wangu, nilioa redio, sasa naishi na gazeti." Bi Kimya alicheka kwa mabega tu. Watu husema kimya ni dhahabu. Labda, lakini waliosema hivyo hawakunyang'anywa sauti.

Jumanne zile, hata hivyo, zilikuwa na utamu wake. Saa nne ikigonga alifumba macho, na yule msichana wa zamani akaanza kusema. Bi Kimya alimsikiliza kama mtu anayemsikiliza mdogo wake aliyehamia mbali. Alimwona akipita korido ndefu zenye harufu ya dawa ya sakafu, akipenya madirisha ya maktaba, akitembea juu ya nyasi bila kuzilaza, akimgusa kila mtu sikioni. Kwa nusu dakika hakuwa na koo wala kovu. Mara nyingine alichelewa kufumbua macho, na mkuu wa zamu alimwacha.

Jumanne hiyo msichana alikuwa amemaliza, "Asante, mama" imeshasikika kwa mbali dirishani, na Bi Kimya bado anaelea, ndipo taa nyekundu ilipowaka ubaoni: ghala la gesi, chini ya ukumbi mkubwa wa maabara. Mkuu wa zamu, mzee mnene aliyeitwa Funguo kwa mzigo uliomning'inia kiunoni, akainama kuitazama.

"Jaribio si tumeshamaliza?" akauliza. Kisha akashtuka. "Bibi wee, hii ni kweli! Gesi inavuja. Waite zimamoto, halafu bonyeza tangazo la kutoka. Mimi nakwenda kufunga koki."

Akatoka mbio za mtu mwenye goti bovu, funguo zikilia njia nzima. Bi Kimya akabonyeza kitufe cha zimamoto, kisha kile cha tangazo. Msichana yule yule, asali ile ile: "Tafadhali tokeni kwenye jengo kwa utulivu." Kwenye skrini ya ukumbi kulikuwa na vijana kama mia mbili. Mwalimu akatabasamu, akashusha chaki. Midomo ikafunguka yote kwa wakati mmoja. Kamera haikuwa na sauti, lakini alisoma vizuri: asante, mama. Ujumbe wa simu nao uliwafikia. Wakautupia jicho, wakarudisha simu mifukoni, maana kila Jumanne kama hiyo uliingia.

Akabonyeza tena. Wakashukuru tena, safari hii kwa kupunga mikono.

Hapo akaelewa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia waendelee na shughuli zao, nao, watoto wa watu, wamemtii. Maikrofoni ya kusemea moja kwa moja ilikuwa palepale mezani, imefunikwa kitambaa. Hakuwahi kuigusa tangu apasuliwe. Chuo kizima kingemsikia, pamoja na wale wa kantini. Aibu ikamshika mkono. Lakini safu ya tatu kulikuwa na binti amelalia meza, fofofo, mdomo wazi kidogo kama mtoto mchanga, na gesi ilikuwa chini yake.

"Tokeni!" Spika zikapiga mluzi. "Gesi! Ya kweli! Msiguse swichi! Acheni mabegi, wanangu, tokeni!"

Nusu ya maneno yalimezwa na kikohozi. Ukumbini vichwa mia mbili viliinuka. Hakuna aliyeshukuru. Viti vikaanguka, mwalimu akaushikilia mlango, na yule binti akavutwa mkono na jirani yake, bado ana usingizi. Bi Kimya aliendelea kuita mpaka ukumbi ukabaki mtupu, na sauti yake ikawa nyembamba kama uzi.

Funguo akasema kwenye simu ya upepo, akihema, kwamba koki imefungwa. Zimamoto walipofika walifungua madirisha, na wanafunzi wote walikuwa uwanja wa mpira, salama. Bi Kimya akawapelekea katoni ya maji.

Binti wa safu ya tatu alipokea chupa, alama ya meza ingali shavuni. "Mama, wewe si wa ulinzi? Yule mzee aliyetangaza ni nani?"

Bi Kimya akajigusa kifua.

"Wewe?" Binti akamkodolea macho. "Kusema kweli, mama, wenzangu wanasema hawakuelewa hata nusu."

"Sasa mlitokaje?" akanong'ona.

"Ile ya siku zote ni mashine, tumeizoea. Leo tulisikia kuna mtu. Na ana hofu kwa ajili yetu."

Bi Kimya akakaa chini kwenye nyasi, akalia kwa sauti, sauti yake hiyo ya kukwaruza, mbele ya chuo kizima, na hakuziba mdomo.