Sehemu ya Pili Haikuja Kolwezi

Nilimfufua mtu aliyekufa. Kwa sentensi moja, mbele ya watu kama mia tatu, saa tisa alasiri, siku ya Jumapili.

Cheka ukitaka. Mimi bado sijaweza.

Wiki iliyopita wajukuu zangu walikuwa wanabishana sebuleni. Kuna filamu ya zamani imetengenezwa upya, na ile ya zamani ilikuwa na sehemu ya pili. Sasa ugomvi ukawa huo: sehemu ya pili nayo itatengenezwa upya, au wataishia hapo?

Wakanigeukia mimi babu yao. "Nkambo, weye ulikuwaka mutu wa sinema. Sema!"

Niliinuka nikaenda kukaa nje. Walidhani nimekasirika. Wala, nilikuwa nalia.

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Kalombo. Enzi za Zaïre nilikuwa mfasiri katika ukumbi mmoja wa sinema pale cité, mitaa ya wenyeji, Kolwezi. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, na wafanyakazi wengi wa mgodini hawakukijua. Kwa hiyo nilisimama kando ya pazia na kipaza sauti mkononi. Mwigizaji akifungua mdomo, mimi natoa Kiswahili. Akilia, nalia. Akitukana, natukana kwa adabu kidogo, maana mapadri nao walikuwa wanakuja.

Nilikuwa na maringo, sifichi. Sokoni waliniita Tata Sinema, yaani Baba Sinema, na kichwa kikavimba. Kifaransa nilikiona mali yangu. Sikuwahi kujiuliza kama mle ukumbini kuna mwingine anayekisikia.

Kaka yangu, Barnabé, alikuwa fundi mgodini. Mke wake, Elise, alimtoa kwetu Kasai mwaka 1974. Mwanamke mpole, mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Mimi nilikuwa sijaoa, nikala kwao kila siku ya Mungu.

Mwaka 1975 ilikuja filamu moja, nyeusi na nyeupe. Mwanamume anakwenda mbali kujenga daraja, inakuja habari kwamba amekufa, mke anabaki dirishani. Sehemu ya kwanza ikaishia hapo. Watu walitoka wamenuna wiki nzima.

Jumapili iliyofuata tukaonyesha sehemu ya pili. Kumbe jamaa hakufa! Anarudi kwa miguu, anachechemea, anamkuta mkewe anachota maji.

Ukumbi ulilipuka. Barnabé, mtu mzima na ndevu zake, alilia kama mtoto. Elise alimcheka mpaka nje.

"Na miye nikipotea, utaningojea?" Barnabé akamuuliza.

"Kama haukawie sana," Elise akajibu.

Nilicheka nao. Jamani, nilicheka nao.

Mei 1978 vita ikaingia Kolwezi. Barnabé alitoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Hakuna aliyejua lolote, kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa kumtafuta.

Baada ya wiki sita akaja Tata Kalala, aliyekuwa akifanya kazi na kaka. Hakwenda kwa Elise. Alikuja kwangu, kwa sababu alijua utaratibu. Akaniwekea mkononi jetoni ya kaka, kile kidude cha chuma chenye namba walichokuwa wakionyesha pale getini.

"Tulimuzikaka sisi bene, na mikono yetu," akasema. "Sasa weye njo famille. Weka kilio."

Kwetu ilikuwa hivi. Mume akifa, ni watu wa upande wake wanaotamka kwamba amekufa. Wao wanaweka kilio, wanatandika mikeka, wanamvisha mjane nguo nyeusi, na siku zikitimia wanamvua na kumwachia huru. Mjane hawezi kujitangazia msiba mwenyewe. Wazazi wetu walikuwa mbali Kasai, wazee. Kolwezi nzima, mwenye mdomo wa kusema neno hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Nilikwenda jioni hiyo hiyo. Nikafika mpaka mezani.

Elise alikuwa ameweka sahani ya Barnabé mahali pake, imefunikwa na sahani nyingine.

Nikakaa. Nikala bukari, ugali wetu, na samaki, nikasema asante, nikarudi kwangu na jetoni mfukoni. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho hiyo ilinichukua miaka sita.

Mwaka 1980 mwendesha mashine wetu, Tata Kyungu, akafungua mkebe mpya wa filamu. Ilikuwa ileile ya daraja, imetengenezwa upya! Sura mpya, rangi tele, hadithi ya zamani. Habari ikaenea mpaka Fungurume. Siku hiyo watu walikaa hata chini.

Elise alikuja. Akakaa safu ya tatu, palepale alipokaa na Barnabé, na pembeni yake akaweka mkoba ili mtu asikae.

Nilifasiri vizuri mpaka karibu na mwisho. Rafiki wa yule mwanamume anafika nyumbani. Mke anamuuliza: una hakika amekufa? Na yule rafiki anajibu kwa Kifaransa: tulimzika sisi wenyewe, kwa mikono yetu.

Kwenye filamu ya zamani maneno hayo hayakuwepo. Hayo yalikuwa maneno ya Kalala, neno kwa neno.

Nikakishusha kipaza sauti.

"Tata Sinema, anasema nini?" watu wakapiga kelele. "Sema!"

Nikatazama safu ya tatu. Elise alikuwa ananiangalia mimi, hakuangalia pazia.

"Anasema hawakumwona," nikasema kwenye kipaza sauti. "Anasema bado wanamtafuta."

Wakapiga makofi. Wakapiga miguu chini. "Fungu ya pili! Fungu ya pili!"

Basi Kolwezi haikulala kwa mabishano. Wengine walisema waliotengeneza upya ya kwanza lazima watengeneze na ya pili, ndiyo heshima. Wengine wakasema wazungu hawana heshima hiyo. Tata Kyungu akachoka, akaandika barua kwa waliotuletea filamu kule Lubumbashi.

Jibu lilipofika nililipokea mimi, nikalisoma peke yangu. Sehemu ya pili haikutengenezwa upya, wala haitatengenezwa. Katika hii mpya mwanamume amekufa kweli, na hakuna wa kurudi.

Nikaikunja barua, nikaiweka pamoja na jetoni.

"Shemeji," Elise akaniuliza siku moja akinawa mikono, "ile fungu ya pili itakuja?"

"Itakuja. Banakawisha tu."

Akaniangalia kidogo. "Bon," akasema. Akaenda kuosha sahani.

Halafu akatokea Ngoy, karani wa stesheni ya Lubudi. Mtu mtaratibu, mjane, shati lake limepigwa pasi daima. Alikuja kwangu na kofia mkononi, kumposa Elise.

"Tata Kalombo, mama Elise alinituma kwako. Anasema muulize shemeji yangu, yeye njo anajua. Kama bwana yake alikufaka, nitangoja mpaka kilio iishe, nitaleta bitu bya kwenu kama bile munaomba. Kama ni muzima, naenda, sitasumbua mutu."

Niliishika jetoni mfukoni mpaka ikapata joto.

"Hatujue, tata," nikasema.

Alirudi mwaka uliofuata. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakurudi. Tulisikia ameoa hukohuko Lubudi.

Elise hakunilaumu hata kwa jicho. Ila alianza kukonda, na sahani ile iliendelea kufunikwa kila jioni. Mimi nikajifariji kwamba namlinda. Anayo tumaini, nikasema, na mtu mwenye tumaini anaishi.

Mwaka 1984 mwenye ukumbi akaamua kuugeuza ghala la unga. Tata Kyungu akataka kuaga kwa filamu, na iliyokuwa imebaki chumbani kwake, haijarudishwa, ilikuwa hiyohiyo ya rangi.

"Utafasiri?" akaniuliza.

Nikakubali. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka kubeba.

Elise alikaa safu ya tatu, na mkoba pembeni.

Rafiki akafika nyumbani. Mke akauliza. Rafiki akajibu. Nikakisogeza kipaza sauti mpaka kikagonga meno.

"Tulimuzikaka sisi bene," nikasema. "Na mikono yetu."

Watu wakageuka kunitazama.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Eh, Kalombo! Ile siku ulisemaka ingine!"

Nilikuwa naangalia safu ya tatu. Elise aliuchukua mkoba wake pale pembeni, akaupakata. Kisha akatoka.

Nikakitupa kipaza sauti, nikamfuata. Nilimkuta ukutani, kwenye jua. Nikatoa jetoni. Nikatoa na barua, imechakaa. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi, mbele ya wauza karanga.

"Elise, unisamehe. Nilikudanganya. Ile siku mutu wa filme alisema..."

"Nilisikia."

"Nini?"

"Nilisikia ile alisema, shemeji. Ba soeurs ba misioni kule Kasai banifundishaka Kifaransa miaka munane. Haukuniulizaka hata siku moja."

"Sasa juu ya nini ulingoja?"

"Filme haikuniambia kitu, ni filme tu. Ni sura yako njo iliniambia. Vile ulikawia kusema, nikajua Barnabé alikufaka, na weye unajua."

"Na haukusema?"

"Niseme namna gani? Mukazi atalia bwana yake namna gani, na ndugu yake anasema iko muzima? Nilituma Ngoy kwako mara mbili. Nilisema leo atasema. Leo atasema." Sauti ikakatika. "Nilikuwa nangojea weye, Kalombo. Hapana Barnabé. Weye."

Hapo ndipo akalia. Alilia kilio cha miaka sita, amekaa chini, akimwita mume wake kwa jina mpaka watu wa ndani wakaiacha filamu na kutoka.

Tuliweka kilio kesho yake. Tata Kalala alitupeleka mahali penyewe walipomzika kaka, tukaizika jetoni. Siku zilipotimia nilimvua nguo nyeusi na kumwambia uko huru.

Akanishukuru. Alikuwa na miaka thelathini, na nywele zimeingia mvi.

Elise hakuolewa tena. Alihamia Fungurume, akauza vitenge, na mwaka 2009 akatutoka. Kilio chake nilikiweka siku hiyohiyo, sikungoja hata saa moja.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umepewa neno la msiba ulipeleke kwa mwenyewe, lipeleke leo. Usiseme unamwonea huruma. Mimi nilikuwa najionea huruma mwenyewe, mwenzangu akalipa kwa ujana wake.

Jioni ile nilirudi sebuleni. Wajukuu walikuwa bado wanabishana.

"Nkambo, zamani zenu, fungu ya pili balitengenezaka tena?"

"Hapana," nikawaambia. "Na sahani ya Barnabé ilikaa mezani miaka sita."

Hawakuelewa. Wakarudi kwenye ubishi wao.